Mtumbwi Ulioshonewa Juu ya Kobe

Mama Mkubwa wangu husema ukitaka kumjua mtu usimtazame usoni, fumua kiti cha gari lake. Kazi yake ni kushona viti vya magari na maturubai, na kabla ya kushona kiti upya lazima akivue ngozi ya zamani. Chini ya hiyo ngozi ndiko watu wanakoishi kweli. Nimeyaona mwenyewe siku za likizo, ninapokwenda kumshikia kitambaa. Kucha zilizokatwa. Pipi za kutafuna zilizobandikwa moja juu ya nyingine kama kichuguu. Mfupa wa kuku ambao bado una gegedu. Jino la mtoto. Na mara moja, kwenye gari la bwana mmoja anayevaa tai hata siku za mapumziko, nusu ya yai la kuchemsha lililoota manyoya ya kijani. Mimi niliinama nikalitazama vizuri, maana sikujua yai linaweza kufuga manyoya. Mama Mkubwa aligeuza shingo, akaguna, akaomba koleo.

Sijaona mtu mwenye kinyaa kama yeye, na sijaelewa kwa nini mtu mwenye kinyaa akachagua kazi ile. Nikimuuliza hujibu kwamba daktari wa meno naye hapendi midomo inayonuka. Anaishi chumba cha nyuma cha karakana yake, na humo ndani hata vumbi linabisha hodi. Kikombe alichokiosha jana usiku anakiosha tena asubuhi kabla ya kunywea. Kwenye harusi anakwenda na kijiko chake ndani ya kimfuko alichokishona mwenyewe, chenye zipu. Watu wanasema anaringa. Yeye anasema haringi, anaona tu.

Na kinyaa chake hakiishii kwenye uchafu. Kazi mbaya pia inamtia kichefuchefu. Gundi, kwake, ni uongo uliokauka. Pini ni ahadi ya mlevi. Fundo ndilo baya kuliko yote, maana fundo, anasema, ni uvivu uliojikunja. Vitu viwili vikitaka kukaa pamoja vishonwe, basi. Na mshono ukishashonwa haukatwi. Ukikosea unaufumua uzi kwa uzi, polepole, ukijilaumu. Ananishikisha kile kichuma kidogo cha kufumulia nami ninafumua kosa langu mpaka macho yanalia.

Mnihifadhie hayo ya mishono, maana ndiyo yaliyotuponza.

Nje ya karakana kunakaa Kobe. Kobe ni gari, lile la safari lenye paa la kunyanyuka. Mteja mmoja alilileta libadilishwe turubai la paa, akahamia mbali, akatuma ujumbe kwamba libaki tu na fundi. Ndani lina kitanda kinachokunjwa, sinki dogo kama bakuli la mchuzi na jiko la gesi. Ukifungua vibanio viwili na kusukuma kwa nguvu, paa linasimama upande mmoja kama kifuniko cha sanduku, na kuta zake ni turubai alilolishona Mama Mkubwa. Paa likiwa juu, unasimama wima, unapika, unapitisha hewa. Likiwa chini unatembea umeinama kama mtu anayetafuta sindano, na jiko huruhusiwi kuligusa. Mama Mkubwa alilisugua gari lile mpaka likanuka sabuni tu. Hakuwa amewahi kwenda nalo popote. Alikuwa akikaa ndani yake jioni, paa likiwa juu, anakunywa chai akitazama ukuta wa jirani.

Mwaka huu mkono wake wa kulia ulianza kugoma. Kwanza vidole vilikufa ganzi asubuhi, halafu mchana, halafu akawa anaangusha mkasi. Daktari alisema kuna mshipa umebanwa kwenye kiganja, watakipasua na kuufungua, Jumatatu. Akaulizwa na mama yangu kama mkono utarudi kama zamani. Daktari hakuahidi kitu. Alisema unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu.

 Mama Mkubwa alifika nyumbani, akaosha mikono hadi viwiko, akatuambia anataka mtumbwi wa Babu. Anataka kupiga kafi bwawani Jumapili, kabla hawajamgusa.

"Kama mkono huu unaaga," alisema, "usiage umeshika kiti cha mtu."

Babu, baba yao, alikuwa mpima maji bwawani. Mtumbwi wake si wa gogo, ni wa faiba, mwembamba, watu wawili wanaubeba. Alikuwa akienda nao kusoma kina cha maji kwenye zile nguzo zenye namba, na binti yake mkubwa mbele. Mama yangu husema dada yake alijua kushika kafi kabla hajajua kushika kitana. Babu alipofariki mtumbwi ulipelekwa kwa Mjomba kwa sababu yeye ndiye mwenye uwanja. Na kwa Mjomba ndiko ulikoharibikiwa.

Mjomba tunamwita Mwenyekiti. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi moja. Harusi iliisha, ndoa yenyewe iliisha, uenyekiti haujaisha mpaka leo. Akikaa anakaa kama mtu anayesubiri kipaza sauti. Ana kucha ndefu ya kidole kidogo ambayo ina kazi nyingi sana, sikioni, puani na kwenye meno, na haioshwi kati ya kazi moja na nyingine. Mimi huitazama ile kucha kama watu wanavyotazama ajali.

Tulipokwenda kuuchukua mtumbwi tuliukuta umegeuzwa bafu la bata. Sikujua bata wanaweza kufanya vile. Maji yalikuwa mazito na ya kijani, yanapumua mapovu, na juu yake manyoya na maganda na kitu kama uji ambacho sikuuliza ni nini. Bata mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, kiti cha Mama Mkubwa, akatuangalia, akanya, akaendelea kutuangalia. Mama Mkubwa alifunika pua kwa ncha ya kilemba. Hakumgombeza ndugu yake. Alisema tu, "Ungekuwa unakizika kitu cha baba, ningekuelewa."

Mjomba alijibu kwamba bata nao ni viumbe vya majini, na chombo hakijatoka kwenye kazi yake ya asili. Akaongeza masharti. Kwa kuwa dada hawezi kushika usukani kwa mkono ule, yeye ataendesha. Na kwa kuwa anaendesha, atakwenda kuvua kambare. Mama Mkubwa hakuwa na dereva mwingine. Akakubali kwa sharti moja, kwamba chambo chake hakitaingia ndani ya Kobe. Mjomba akaweka mkono kifuani. Hakitaingia ndani, alisema, na kweli hakikuingia ndani. Mwenyekiti ni mtu wa maneno yake.

Jumamosi nzima tuliusugua mtumbwi kwa mchanga, sabuni ya unga na stili waya. Maji yalitoka meusi, yakatoka kahawia, yakatoka ya kijivu, na hapo yakakataa kusogea mbele. Harufu iliingia kwenye faiba yenyewe. Mwisho tukaubeba, tukaupandisha kifudifudi juu ya paa la Kobe, juu ya vipande vya sponji vya viti. Mjomba alikuja na kamba ya mlango wa banda la bata, imekakamaa kwa mambo ya bata, akaanza kuufunga. Alifunga mafundo makubwa kama magoti, akarudi nyuma, akayatazama kwa kuridhika. Mama Mkubwa aliusukuma mtumbwi kwa kidole kimoja. Ukacheza kama jino bovu.

"Shuka," alimwambia. "Shuka na takataka zako."

Akatoa mikanda minene ya maturubai ya malori. Akaipitisha juu ya mtumbwi, ikaingia milangoni, ikapita ndani chini ya dari, mmoja juu ya viti vya mbele na mwingine nyuma, ikatokea upande wa pili. Halafu akapanda ngazi na sindano iliyopinda na uzi uliopakwa nta, akaanza kuishona ncha kwa ncha. Mjomba, ili asionekane amefukuzwa, alizunguka gari akikagua. Nilimwona akiingiza mkono chini ya mtumbwi upande wa pili mpaka begani, akautoa, akajipangusa kwenye suruali. Nikadhani anapima uimara.

Mishono ile ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kumwona akishona, msalaba ndani ya sanduku, sanduku ndani ya msalaba, kila tundu likiwa limekaa sawa na mwenzake. Alishona mpaka jua likashuka. Alipomaliza alitaka kushuka akashindwa kuiachia sindano. Vidole vilikuwa vimeifumba na havisikii. Ilibidi nipande nivifungue kimoja kimoja, vya baridi kama samaki. Lakini alikuwa anatabasamu. Aliusukuma mtumbwi kwa bega zima na gari lote likatikisika nao.

Jumapili tukaondoka, Mjomba kwenye usukani, Mama Mkubwa katikati, mimi dirishani, mkanda ukipita juu ya vichwa vyetu kama kamba ya kuanikia. Jua lilikuwa kali. Hatujafika mbali harufu ikaanza.

Mwanzo ilikuwa kidogo, ya kujiuliza. Mjomba akasema ni lile lori mbele yetu. Lori likakata kona likaenda zake, harufu ikabaki. Akasema basi ni mtaro. Tukaacha mji, mitaro ikaisha. Akaangalia viatu vyangu. Nilivivua nikavinusa hadharani, nikamwonyesha na soksi. Mama Mkubwa alinusa mikono yake yote miwili, akanusa kilemba, akajinusa kwapa kwa siri, na nilimwona akianza kujichukia, maana mtu mwenye kinyaa kwanza hujishuku mwenyewe. Tukafungua madirisha yote. Ikawa mbaya zaidi. Harufu ile haikuwa inatoka mahali, ilikuwa inatufuata. Waliosema kibaya chajitembeza hawakujua kwamba kinaweza kupanda gari.

Mawingu yakaja na mvua ikaanza. Mvua haikupiga sana, lakini baada ya muda niliona mkanda ulio juu yetu unabadilika rangi. Unyevu uliingia kutoka mlangoni ukitambaa kwenye kitambaa, kama mafuta yanavyopanda utambi, ukafika katikati na kukusanyika. Likatengenezeka tone. Halikuwa la maji. Lilikuwa na rangi ya chai iliyolala, na ndani yake kitu chembamba kama uzi kilichokuwa kinacheza. Nililiangalia likinenepa. Ningeweza kusema kitu lakini nilitaka kujua litaangukia wapi.

Liliangukia kwenye kilemba cha Mama Mkubwa, likateleza, likashuka hadi kwenye nyusi.

Aligusa kwa ncha ya kidole. Akanusa. Vifuta kioo vikaenda na kurudi.

"Mwenyekiti," alisema. "Juu kuna nini?"

"Chambo tu, dada."

"Chambo gani?"

"Matumbo ya kuku. Kidogo tu. Nimeyafungia kwenye kile kiti cha mtumbwi, kwa chini. Si ulisema yasiingie ndani?"

Tone la pili likaangukia mkate tuliokuwa tumeufunga kwa ajili ya mchana.

Gari lilisimamishwa. Mama Mkubwa alishuka kwenye mvua, akainama kando ya barabara akaitapika chai yake ya asubuhi, halafu akajisafisha mdomo kwa adabu zote na kurudi. Tulijaribu kuufikia ule mfuko. Mjomba aliingiza mkono, mimi nilipandishwa mabegani kwake nikaingiza wangu, lakini paa la Kobe ni pana na mfuko ulikuwa katikati kabisa, umebanwa kati ya mtumbwi na paa tangu mikanda ilipokazwa. Niliugusa kwa ncha za vidole tu. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa laini. Ulikuwa umepasuka. Nikarudisha mkono wangu na hadi leo huo mkono siuamini sana.

Mjomba akapendekeza tunyanyue paa, mtumbwi uinuke, mfuko uchomoke. Alifungua vibanio akasukuma kwa kichwa. Paa halikusogea hata unene wa karatasi, maana mikanda ilikuwa imelibana pamoja na gari lote. Akasukuma tena na shingo ikalia. Mama Mkubwa alikuwa anamtazama, na nilimwona akiinua macho yake polepole kutoka kwa ndugu yake hadi kwenye mishono.  Alifunga madirisha, akayafungua tena, akajifunika uso mzima kwa kilemba upande ambao haujadondokewa, akaashiria twende.

Tulifika bwawani tukiwa watu watatu wasiotazamana. Mvua ilikuwa imekaza. Tulikaa ndani ya Kobe tukiwa tumeinama chini ya paa lililofungwa, jiko halina ruhusa, mkate tumeutupa, matone yakianguka kwenye sufuria niliyoikinga chini yake. Mjomba peke yake ndiye aliyekula. Alikuwa na karanga mfukoni, akizichambua kwa ile kucha. Alinikaribisha. Nikamwambia nimeshiba, na kweli nilikuwa nimeshiba kwa pua.

Mvua ilipoisha mchana ulikuwa umeshazeeka. Mlinzi wa bwawa alikuja akiwa amevaa mfuko wa plastiki kichwani, akatupokea vizuri, akasema tunaruhusiwa ila geti analifunga jua likizama na hapo hakuna mtu majini. Halafu upepo ukageuka. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akajishika pua, akautazama mtumbwi, akafuata mikanda kwa macho kutoka mlango hadi mlango.

"Sasa hii," aliuliza, "mtaishushaje?"

Sote watatu tukatazama juu kama watu wanaoonyeshwa ndege. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria hilo. Mjomba alikuwa anafikiria kambare. Mimi nilikuwa natazama matone. Na Mama Mkubwa alikuwa ameshona kama anavyoshona kila kitu, kitu kisifunguke milele.

Alitoa kichuma chake cha kufumulia, akasimama juu ya tairi, akaanza. Uzi ule ulikuwa na nta, umelowa, umevimba kwenye matundu yake, na juu yake umepakwa supu ya kuku wa jana. Alichomeka, akavuta, kichuma kikaanguka. Nikamwokotea. Kikaanguka tena. Mara ya tatu hakukishika kabisa, vidole vilikipita kama havikuwa vyake. Akanipa mimi. Nilifumua kwa kadiri ya uwezo wangu, huku nikipumua kwa mdomo na nzi wakinitembelea midomoni, na nilipofika mwisho wa msalaba wa kwanza jua lilikuwa limegusa vichwa vya miti. Kulikuwa na misalaba mingine saba.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye jiwe akinoa kisu chake cha samaki. Safari hii hakuzungumza kama mwenyekiti.

"Dada," alisema, "kata tu."

"Mshono haukatwi."

"Najua. Nimekusikia ukisema tangu nina kaptura. Lakini jua halikusikii."

Mama Mkubwa alitazama maji. Yalikuwa yametulia baada ya mvua, ya rangi ya bati, na zile nguzo za Babu zenye namba zilikuwa bado zimesimama, moja imelala upande. Akanyoosha mkono wa kushoto.

"Lete kisu."

Mjomba akakipangusa kwenye suruali.

"Usikipanguse huko," alisema. "Utakichafua zaidi."

Alikishika kile kisu chenye magamba makavu kwenye mpini, kisu ambacho siku nyingine asingekigusa hata kwa koleo, akaukata mkanda wa nyuma na wa mbele palepale penye mishono yake. Alifumba macho wakati wa kukata. Mkanda ulipasuka kwa sauti, mtumbwi ukalegea, na mfuko ukaanguka kutoka tumboni mwake, ukapiga tope, ukamwaga kila ulichonacho miguuni petu. Siwezi kueleza vizuri. Kulikuwa na kijivu, na kijani, na zambarau, na kulikuwa na kusogea. Mlinzi alikwenda zake kabisa. Mjomba akapiga magoti akaanza kukusanya kwa mikono miwili, akisema hii sasa ndiyo imeiva, kambare watapanda wenyewe nchi kavu.

Tuliushusha mtumbwi majini, mimi mbele, Mama Mkubwa nyuma, kiti cha Babu. Maji machache ya zamani, yale ya bata, yalitokea sijui wapi, yakaja yakakaa kwenye vidole vyangu vya miguu. Mama Mkubwa alishika kafi, akalizamisha, akavuta. Kafi likamtoka. Nikalidaka. Akalishika tena, akavuta, likamtoka tena, na safari hii nililiwahi likiwa limeshaanza kuondoka.

Hapo ndipo alipofahamu, na mimi nikafahamu pamoja naye. Nguvu aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya kafi alikuwa ameimaliza jana juu ya ngazi, na sindano. Aliuinua mkono wa kulia akautazama kama alivyolitazama lile yai lenye manyoya. Akageuza shingo.

"Turudi," alisema. "Umeshaoza huu."

 Nilirukia ufukweni, nikaenda kwenye tope, nikachukua kipande cha mkanda kilichokatwa. Nilikiosha kwa sabuni yake, nikakiosha tena, nikakinusa, nikakiosha mara ya tatu. Sindano huwa anayo, imechomekwa kwenye pindo la kilemba, na uzi umezungushwa kwenye kifungo cha nguo yake. Nikamwambia ashike kafi. Alilishika kadiri alivyoweza. Nikauzungusha mkanda kwenye kiganja chake na mpini wa kafi, mara mbili, kisha nikaanza kushona, mkono wake ukiwa humohumo ndani. Nilikuwa naliwahi jua, kwa hiyo sikupima. Nilipomchoma hakushtuka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote yaliyotokea siku ile.

Aliitazama mishono yangu mstari hadi mstari.

"Umeshona kama kuku aliyekanyaga wino," alisema.

"Nifumue?"

"Panda mtumbwi."

Akapiga kafi. La kwanza lilitupeleka upande, la pili likaturekebisha, na kuanzia la tatu sikusikia tena kafi likiingia majini. Mkono wake haukuwa umelishika kafi, kafi ndilo lililoushika mkono, lakini bega na mgongo vilikuwa vyake na vilikuwa vinakumbuka. Mimi nilikuwa nachota yale maji ya bata kwa kopo na kuyamwaga pembeni, unyoya umenibandika kwenye goti, na kila nilipogeuka nilimwona amekaa wima, pua imekunjwa. Tukapita nguzo ya kwanza, tukapita iliyolala. Kule ufukweni Mjomba alikuwa nukta iliyozungukwa na nzi.

"Babu yako," alisema ghafla, "alikuwa akifika hapa anatema mate majini. Kila siku, hapahapa. Nilikuwa namwona mtu mchafu."

Alipiga kafi mara kadhaa. Halafu akainamia ukingo wa mtumbwi, akatazama huku na huku kama mwizi, akatema.

Jua lilizama tukiwa njiani kurudi, na mlinzi alitusubiri na geti lake bila kupiga kelele, akiwa amesimama upande ambao upepo hautoki kwetu. Mjomba alikuwa amepata kambare mmoja, mdogo, mwenye sura ya kumlaumu. Mtumbwi ulifungwa kwa ile kamba ya bata, ambayo Mjomba alikuwa ameificha chini ya kiti chake, kwa mafundo yale yale makubwa kama magoti. Mama Mkubwa alikaa mbele na kuangalia upande mwingine njia nzima ili asiyaone. Na mafundo, sema utakavyo, yalishika.

Jumatatu walimpasua. Manesi waliuliza ule mstari mwekundu uliozunguka kiganja ni wa nini, naye akajibu ni wa mjukuu wa mpima maji, hajui kupima. Kidole gumba kimerudi, na cha shahada. Cha kati na cha pete bado vinalala, na siku za baridi vinalala hadi mchana. Anashona kwa kushoto akisaidia kulia, polepole, na viti vinavyomhitaji vinasubiri.

Mtumbwi haukurudi kwa bata. Uko nyuma ya karakana, umelazwa kifudifudi, na bado unanuka. Kafi limetundikwa ukutani juu ya cherehani, na ule mkanda bado uko juu yake, mishono yangu ikienda huku na huku. Nimeomba niifumue niishone upya vizuri, amekataa. Wateja wakiingia macho yao yanakwenda hapo moja kwa moja, wanauliza fundi gani alishona kitu kama kile.

"Usiniulize," anawajibu, akiosha mikono hadi viwiko. "Hata mimi nikikiona nasikia kinyaa."